Begi Moja, Wazazi Wawili

Mwanangu wa kwanza aliposhuka kwenye basi pale stendi ya Nangurukuru, nilimkumbatia na matumbo yetu yakagongana. Ndivyo alivyojua. Kwenye simu sikuwa nimemwambia. Kila alipopiga kutoka Mtama kwa mumewe nilimuuliza anakula nini, miguu inavimba au haivimbi, kliniki wamemwambiaje, kisha nikamsalimu mkwe wangu na kukata. La kwangu sikulitaja. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, mdogo wake wa mwisho yuko darasa la sita, na vitu vyote vya uchanga nilishavigawa zamani nikijua nimemaliza.

Alirudi nyuma kidogo, akatazama dera langu pale lilipotuna.

"Mama," akasema. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Miezi mingapi?"

"Kama yako. Labda nimekuzidi kidogo."

Nilitegemea acheke. Wauza korosho walikuwa wamelizingira basi, wanainua vipakiti vyao hadi madirishani, na kondakta anagonga bati gari iondoke. Hakucheka. Aliinama kwa shida, akanyanyua mkoba wake. "Twende basi," akasema. "Jua kali."

Kwetu binti akibeba mimba ya kwanza anarudi kuzalia kwa mama yake. Mama anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji wa pilipili manga, anampakata mtoto ili mzazi apate kulala. Ndicho alichokifuata safari yote ile. Alichokikuta ni mama anayeshika ukuta ndipo ainuke kwenye mkeka.

Siku zile za mwanzo hatukuongea sana. Haukuwa ugomvi. Mimi nilikuwa naamka alfajiri kukanda unga wa chapati za meza yangu ya chai pale stendi, maana abiria wa asubuhi ndio wanaoilisha nyumba, na nikirudi mchana nilikuwa sina nguvu hata ya kuvua kandambili. Nilikuwa nakaa nazo kitandani, miguu inaning'inia, nasubiri nipate pumzi ya kuzivua. Yeye alikuwa amelala chumba cha nyuma, uso kaugeuzia ukutani. Nikimuuliza kama amekula, amekula. Nikimuuliza kama amelala vizuri, amelala. Mume wangu, fundi cherehani, alikuwa anapita katikati yetu akinyata, anasalimia kwa sauti ndogo. Wenzake pale kibarazani walishamtania kwamba anashindana na mkwewe. Pale alicheka nao. Akiingia ndani hakuwa anacheka.

Yeye ndiye aliyeleta begi. Lilikuwa begi jeusi la mtumba, alilishona mkono uliochanika na kulibadilisha zipu, akaliweka mbele ya binti yake. La kwangu hakuuliza, na mimi sikutaka kuulizwa. Nilikuwa najiambia nimeshazaa watoto watatu, nitafunga kanga zangu kwenye kitenge siku yenyewe nikaenda. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka mno kufikiria mambo ya watu wawili, na kati yetu wawili nilimchagua yeye.

Tulilipanga mchana mmoja tuliporudi kliniki. Nesi alikuwa ametueleza pamoja vitu vya kubeba, maana tulikwenda siku moja na kukaa benchi moja, na wanawake wengine wakatutazama weee mpaka wakachoka wenyewe. Nilitandika mkeka sebuleni, tukakaa, begi katikati yetu. Chini nikaweka mpira wa kulalia na glavu, juu yake pamba na kibanio cha kitovu katika mfuko wake safi. Halafu kanga. Yeye alikuwa na doti mpya aliyopewa na mumewe, bado inanukia dukani. Nikamwambia hiyo aivae siku ya kutoka, ya kumfutia mtoto ni kanga iliyochakaa, mpya ina wanga, hainyonyi maji. Nikatoa zangu za zamani ambazo nilizifua nikazianika juani. Mume wangu alikuwa amekata shuka jeupe akashona nepi, pindo zote zimenyooka kama shati la harusi.

Mwisho akatoa vitu vyake mwenyewe: sweta la manjano, kofia na soksi, alivyovifuma kwa mkono miezi yote aliyokaa Mtama.

"Joto hili," nikasema, "sweta la nini?"

Nilisema tu. Ni maneno ya mtu aliyechoka, hayakuwa na kitu ndani yake. Lakini aliliweka sweta magotini akaanza kulia.

"Na begi lako liko wapi?" akaniuliza.

"Langu baadaye."

"Baadaye lini, mama? Ningejua uko hivi ningebaki. Mama mkwe alitaka nibaki, mimi nikasema nakwenda kwa mama yangu. Nimekuja unilee."

"Nitakulea."

"Utanilea na nini? Hata kuinama huwezi."

Nilichukua nepi iliyokwisha kukunjwa nikaikunjua, nikaikunja tena. Alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimeyasema maneno hayohayo moyoni kila nilipoingia chumba cha nyuma na kuukuta mgongo wake. Tukakaa hivyo, yeye anajifuta kwa ncha ya mtandio, mimi na nepi yangu. Muda wa alasiri ukaingia, nikataka kuinuka nikatawadhe. Nikashindwa. Ukuta ulikuwa mbali. Nikamnyooshea mkono anivute, naye akajaribu kuinuka kwanza, akarudi chini puu. Tukajaribu kushikana mikono yote miwili tuinuke pamoja. Wapi. Ilibidi nimwite mume wangu kibarazani, akaacha cherehani, akaja akasimama mlangoni na futi kamba shingoni, akatutazama tulivyokaa pale chini na begi letu.

"Nianze na nani?" akauliza.

Ndipo binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi. Alicheka mpaka akashika kiuno, na baba yake akamvuta yeye kwanza, kisha mimi, na mimi nilikuwa mzito kuliko yeye.

Uchungu wangu ulinikuta mezani pangu stendi, mchana, chapati zimebaki kidogo kwenye hotipoti. Nilisikia maji yanashuka miguuni nikajua. Mwenzangu anayeuza samaki wa kukaanga alinishika mkono, akaita bajaji, akamwambia dereva apitie kwangu. Tulipofika mlangoni binti yangu alikuwa ameshatoka nje. Sijui nani alimpigia simu. Amevaa baibui, mkono mmoja kashika tumbo, mkono wa pili kabeba begi jeusi.

"Hilo lako," nikamwambia.

"Limeshapangwa. Sogea nipande."

"Na wewe siku yako ikifika?"

"Mama, sogea."

Njia yote ya kwenda Kivinje alikuwa amelipakata begi juu ya tumbo lake, na kila bajaji iliporuka shimo sote wawili tulisema "Bismillahi" kwa pamoja. Hospitali nesi alitupokea mlangoni, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nani anajifungua?"

"Mama yangu," binti akasema.

"Mama yako. Na wewe?"

"Mimi bado."

"Haya, wewe kaa pale kwenye benchi, utulie. Usinianzie na wewe."

Wale watatu wa mwanzo niliwazaa nikiwa kijana. Huyu nilimzaa mwili umechakaa, na kila uchungu ulipokuja nilikuwa nasema moyoni, hapana, sio mimi, mwambieni mwingine. Nilimwambia nesi nimechoka. Akanijibu, bila ukali, "Najua mama. Choka, lakini sukuma." Nikasukuma. Alitoka mtoto wa kiume, jua bado lipo dirishani, na nesi aliponiwekea kifuani nilifumba macho na kusema alhamdulillahi kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia.

Binti yangu aliruhusiwa kuingia na nguo. Nilimwona anapekua begi, anatoa kanga zangu za zamani, anatoa nepi. Akafika kwenye sweta la manjano akasita.

"Hilo mwekee mwanao," nikamwambia. "Mfunge kanga tu, inatosha."

"Nesi kasema watoto wanasikia baridi."

Akamvisha mwenyewe. Mikono ya sweta ilimzidi mtoto, vidole vyake vikapotelea ndani. Binti yangu alikunja ncha zile pole pole, mara moja, mara mbili, kisha akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu. Sikujua anawaza nini, na sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Nyumbani alinikanda yeye. Mume wangu alichemsha maji, akaleta ndoo, akaondoka, na binti yangu akaketi kwenye kigoda mbele yangu, tumbo lake limegusa magoti yangu, anachovya taulo, anakamua, ananiwekea. Hakujua vizuri. Maji mengine yalikuwa ya moto mno, mengine yameshapoa. Nilimwelekeza huku nasinzia. Uji alipika baba yake, una madonge, pilipili manga imezidi, na tuliunywa wote wawili tukitokwa machozi na kamasi.

Kisha begi likabidi lipangwe upya. Alizifua kanga, akalifua sweta, akauosha mpira kwa sabuni na kuuanika. Vilivyokwisha, baba yake alikwenda kununua vingine. Mimi nilitaka nipange mwenyewe. Nilimwambia, "Lete hapa kitandani, nitapanga nikiwa nimekaa." Akasema, "Lala kwanza, mama." Nikalala. Nilipoamka begi lilikuwa karibu na mlango, zipu imefungwa. Sikuwa nimeweka ndani yake hata kitambaa. Niliumia, na nilishukuru, na nikashindwa kujua kipi kimezidi.

Siku yake ilifika arobaini yangu haijatimia. Majirani walisema nisitoke, mzazi hatoki nje, atapatwa na baridi ya mgongo, wao watampeleka binti. Walikuwa wanasema kwa wema. Nilijifunga tumbo kwa kanga, nikamfunga mtoto kifuani kwa nyingine, nikakaa kwenye bajaji kabla hawajamaliza maneno yao. Mume wangu alinitazama. Akaleta begi akaliweka miguuni petu.

Nesi alikuwa yuleyule. "Nyie tena?"

"Leo ni yeye," nikasema.

Mimi na mtoto tulibaki nje chini ya dirisha la wodi. Benchi la saruji, mgongo unaniuma, maziwa yameshalowesha dera. Mtoto ananyonya, analala, anaamka, ananyonya. Mara nikamsikia binti yangu ndani: "Mama!" Nikainua shingo nikaitika dirishani, "Nipo!" Kimya. Halafu tena, "Mama!" "Nipo hapa!" Tuliendelea hivyo mchana wote. Kumkanda sikumkanda, uji sikumpikia, begi sikumpangia. Ilikuwa ni kuitika tu. Sauti ikanikauka nikawa naitika kwa kugonga ukuta kwa kandambili, na mama mmoja mgeni aliyekuwa anamsubiri mkwewe akaanza kunisaidia: mwanangu akiita, yeye anaitika, "Mama yako yupo!"

Akazaa mtoto wa kike. Nesi akatoka kunichukua. Binti yangu alikuwa amelala chali, midomo imepauka, nywele zimemganda kwenye paji la uso.

"Nilikuwa hapo nje," nikamwambia.

"Nilikusikia," akasema. "Na yule mwingine alikuwa nani?"

Nyumba ikawa na wazazi wawili na watoto wachanga wawili. Mmoja akilia anamwamsha mwenzake. Wadogo wa binti yangu wakirudi shule walikuwa wanabadilisha nepi bila kuuliza ni ya nani. Mume wangu alifunga cherehani akawa mpishi wetu, na madonge yakapungua kadiri siku zilivyokwenda. Mimi na binti yangu tulihamia chumba kimoja, magodoro mawili chini, ili anayekwenda kwa mmoja awe amekwenda kwa wote. Mgongo wake ukutani sikuuona tena. Alilala akinitazama, nami nikimtazama.

Mchana mmoja nilisinzia, nikashtushwa na kimya. Kimya cha mtoto mchanga kinatisha kuliko kilio, nikageuka haraka. Binti yangu ameegemea ukuta, miguu kainyoosha, macho kayafumba nusu. Mkono wa kulia kampakata mwanawe, wa kushoto kampakata wangu, wote wawili wananyonya.

"Alikuwa analia," akasema bila kufumbua macho. "Nikakuita, huamki."

"Umeniita?"

"Sana."

"Ukizoea hivyo atakuwa mwanao," nikamwambia. "Kwa maziwa. Mdogo wako na mwanao."

Alifikiri kidogo, au labda alisinzia.

"Awe vyote tu," akasema. "Lala, mama."

Nikalala.