Chukudu ya Kwanza ya Papa

Nani aliwadanganya kwamba Goma haikuwahi kuwa na viwanda? Papa, baba yangu, alikata sabuni ujana wake wote, katika kiwanda ambacho leo kimelala chini ya lava, na juu yake watu wamejenga maduka, saluni na kanisa. Honi ya kiwanda ilipolia asubuhi, mtaa mzima uliamka. Volkano ilipokimeza, wafanyakazi wakatawanyika, huyu kwenye masufuria, yule kwenye viatu vya tairi. Papa akashika nyundo, akaanza kutengeneza chukudu, ile baiskeli yetu ya mti isiyo na pedali, inayobeba viazi na makala, yale makaa ya kupikia.

Alikuwa ameapa: hii ya kwanza ikikosa mnunuzi, tunarudi Masisi kwa ng'ombe wa babu. Masisi? Mimi, msichana wa miaka kumi na saba, mutoto wa mjini kabisa? Jamani, sikulala!

Mnunuzi akaja, mfanyabiashara wa Rutshuru, maneno machache, tumbo kubwa. Mtaani kwetu fundi hauzi chukudu mpya kabla hajateremka nayo kilima ili kuijaribu, na mtu wa nyumba yake amekaa juu ya mzigo. Mama alikataa katakata. Basi nikapanda mimi, juu ya magunia mawili ya viazi.

Weee! Tulishuka! Upepo ukaninyang'anya kitambaa, mama mmoja muuza samaki akaruka na beseni lake, nami nacheka mpaka mbavu zinauma.

"Papa, polepole!"

"Nitafanya je?"

Ndipo nikatazama nyuma. Hapakuwa na freni, kile kipande cha tairi unachokikanyaga ili gurudumu lisimame. Papa alikuwa ameisahau! Tukaingia moja kwa moja kwenye makala ya watu, tukatoka weusi tii.

Mnunuzi akafika mbio, anahema. "Muzee, freni iko wapi?"

"Kule kiwandani mimi nilikuwa nakata tu," Papa akasema, aibu imemjaa. "Kusimamisha mashine ilikuwa kazi ya mutu mwingine."

Yule bwana akagonga kila kiungo. Hakuna hata msumari uliolegea. "Mti uko nguvu," akasema. "Tia freni, nabeba hii. Na ingine ya ndugu yangu."

Papa akakaa palepale kwenye makala, machozi yakamtoka.

"Mutoto wangu, tangu nizaliwe sijatengeneza kitu kizima."

Nikamwambia bado freni, tukacheka mpaka mwenye makala akatufukuza.