Njia ya Gaju Kandokando ya Ziwa

Jumapili iliyopita niliwatembeza tena wageni kando ya ziwa, pale Himbi, hapa Goma. Walikuwa vijana wa parokia moja ya upande wa Bukavu. Niliwaonyesha nyumba ya mawe iliyoachwa na Wabelgiji, ngazi zake zinazoshuka mpaka majini, gati la zamani ambalo siku hizi watu wanaanikia nguo, na ule ufuo mdogo wa mchanga mweusi uliobanwa katikati ya mawe ya volkano. Dada mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Haya yote ulisomea wapi?" Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote: "Nilijisomea mwenyewe, vitabuni."

Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo imeniketisha hapa. Mimi ni mtu wa kuogopa kukosea. Kabla ya kila matembezi hujisomea maneno yangu mbele ya ukuta kama mtu anayesubiri mtihani, na sentensi ya kwanza ya karatasi hii nimeifuta mpaka karatasi ikatoboka. Basi univumilie, rafiki. Vitabu nilivisoma baadaye. Aliyenifundisha njia ile ni ng'ombe.

Tulifika Goma tukikimbia vita vya Masisi: koko, yaani mama wa mama yangu, mimi, na ng'ombe mmoja aliyeitwa Gaju kwa sababu ya rangi yake ya majani makavu. Wajomba walibaki milimani na kundi, na hatukupata tena habari zao wala za kundi. Tulipewa chumba cha mbao mtaa wa Katoyi. Gaju tulimfunga nyuma ya nyumba, juu ya mawe meusi ambayo hata jani la kudanganyia mbuzi halikuota.

Kwa wafugaji wa kwetu mwanamke hakamui. Ni mwiko, na koko hakuwa mtu wa kuvunja mwiko eti kwa sababu ya vita. Lakini nyumbani hapakuwa na mwanamume. Kazi ikamwangukia jirani, karani wa ofisi moja, mtu wa Bukavu ambaye alikuwa hajawahi kugusa ng'ombe. Kila asubuhi alikuja na suruali yake ya ofisi ameikunja mpaka magotini, akachuchumaa, na koko akasimama amempa mgongo, maana kutazama nako alikuona ni karibu na kukamua.

"Papa, vuta polepole, hiyo haiko kamba ya kengele."

"Mama, ananiangalia mubaya!"

"Anakuangalia vile juu unamushika kama stylo ya kuandika."

"Mimi batu ya kwetu ni ya samaki, mama! Samaki haipige mutu mukia!"

Nilikuwa nacheka mpaka natokwa na machozi. Yeye naye alicheka, akanywa kikombe chake cha maziwa yenye joto la mwili wa ng'ombe, akakunjua suruali na kwenda kazini akinuka zizi. Nikisikia leo harufu ya maziwa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi, asubuhi zile hurudi zote, na kicheko kile, na umande juu ya mawe.

Majani yalikuwa ziwani tu. Nikitoka shule nilivua sare, nikashika kamba, nikashuka na Gaju mpaka Himbi. Milimani kuchunga ni kazi ya wavulana, na nililia mara ya kwanza nilipotumwa. Koko akaniambia, "Kukamua ni mwiko. Kuchunga ni haya tu. Mwiko unaua, haya haiui mutu."

Hivyo ndivyo nilivyoijua pwani ile, kwa mdomo wa Gaju. Chini ya kuta zenye vipande vya chupa juu yake kulikuwa na majani magumu, na walinzi waliotufukuza kwa maneno yasiyo na hasira. Kwenye ngazi za nyumba ya Wabelgiji majani yalikuwa laini, kwa sababu maji yalirukia pale. Kwenye gati alikunywa, akipuliza kwanza kama mtu anayepoza chai. Ufuoni tulipita haraka. Siku za mapumziko watu walioga pale, redio ikilia, sambaza, vile visamaki vya ziwa, zikikaangwa, wasichana wa rika langu wakiwa na nguo za kuogelea za rangi rangi. Na mimi nikikatiza katikati yao, nyuma ya mkia. Nilitembea nikitazama chini. Mpaka leo naweza kukuambia kila jiwe la njia ile, kwa sababu sikuthubutu kutazama kitu kingine.

Na baada ya ufuo kulikuwa na bonde dogo, chini ya njia, majani yake mazuri kuliko yote. Huko Gaju hakuruhusiwa. Koko alikuwa ameelezwa na watu wa hapo juu ya mazuku, ile hewa mbaya isiyoonekana inayotoka ardhini, inayolala mabondeni na kuua mbuzi, ng'ombe, hata mtu aliyeinama kuokota kuni. Kila Gaju alipogeuza kichwa kuelekea bonde, nilimkatia mbele, nikanyoosha mikono na kupiga ukelele wa wachungaji wa kwetu, ule unaoanzia tumboni: "Hooo! Hooo-o! Rudi!" Naye alirudi.

Ndipo mwalimu alipotutangazia matembezi. Darasa zima lilikuwa liende kuona ziwa, nyumba ya zamani na gati, kisha tuandike. Sikulala vizuri. Nilitaka siku moja tu nipite pale kama mwanafunzi, soksi nyeupe, mikono mitupu. Na nilipita hivyo. Mwalimu alieleza juu ya nyumba, nami nilijifanya naiona mara ya kwanza. Nilijifanya vizuri sana, nakuambia. Hata nilimuuliza swali.

Tulipoacha ufuo, wenzangu wakaanza kukimbizana. Kundi lao likageukia bondeni, wakishuka wakicheka. Sikufikiri. Mikono yangu ilinyooka yenyewe, na kutoka tumboni ikatoka ile sauti: "Hooo! Hooo-o! Rudi!"

Walisimama wote. Walirudi, kweli, kama Gaju. Kisha mwalimu akasema, "Mademoiselle, hawa batoto beko ng'ombe yako?" Darasa likaanguka kwa kicheko. Nilitaka kueleza mazuku, lakini nilipotazama bondeni niliona mjusi amekaa juu ya jiwe, mzima, akitikisa kichwa. Huenda hewa haikuwapo siku ile. Huenda ilikuwapo. Hakuna aliyekufa, basi hakuna aliyeniuliza.

Tangu hapo nilipopita Katoyi, batoto walinifuata wakipiga "Hooo-o!" Wengine walianza kuniita bibi ya ng'ombe, na kwetu Goma bibi ni mke. Sikumwambia koko. Niliendelea kushika kamba kila siku, bila kulalamika hata neno moja, na jambo hilo nililihesabu kuwa ushujaa. Ila nilianza kufunika uso kwa kitenge.

"Unajificha nani?" koko aliniuliza.

"Ni vumbi, koko."

Alitazama nje. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. "Ndiyo," akasema. "Vumbi mingi."

Siku chache baadaye nilirudi shuleni nikakuta mawe matupu nyuma ya nyumba, na kamba imefuliwa, imeanikwa. Gaju alikuwa amepewa mfugaji mmoja, mtu wa kwetu, aliyechunga upande wa Munigi. "Amekwenda kula majani," koko alisema. "Amani ikirudi tutamupitia, tupande naye kwetu." Jirani alikuja asubuhi, suruali imekwisha kukunjwa. Aliposikia aliikunjua taratibu, mguu mmoja, kisha wa pili.

Mimi nilifurahi. Hili ndilo nililokuwa nazunguka tangu mwanzo. Nilikwenda shule siku ile nikiruka mawe. Sikumfukuza Gaju, sikusema neno. Uso wangu ulisema, na koko aliusoma uso wangu, akatoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho cha milimani.

Vita vilirudi. Watu wa Munigi walishuka mjini na magodoro kichwani, na yule mfugaji alifika kwetu akiwa na fimbo tu. Koko alimkaribisha, akampa chai kavu. Hakumuuliza juu ya Gaju. Walizungumza juu ya mvua. Alipoondoka, koko alichukua kibuyu cha maziwa, akakifukiza moshi kama desturi, akakifunika na kukitundika. Aliendelea kukifukiza miaka yote, bila tone la maziwa kuingia, mpaka tulipomzika hapa hapa Goma, mbali na mlima wake. Hakusema tena kwamba tutapanda.

Jumapili wageni walipoondoka, nilirudi peke yangu mpaka mahali pa bonde. Limejazwa udongo, limezungushiwa ukuta, kuna geti jekundu. Majani hakuna. Nilisimama barabarani na viatu vyangu visafi, nikatazama huku na huku kama mwizi, kisha nikanyoosha mikono.

"Hooo! Hooo-o! Rudi!"

Kidirisha cha geti kilifunguka. Mlinzi akatoa kichwa. "Dada, unaita nani?"

Nilikuwa na majibu mengi tayari, yamepangwa vizuri, yote ya vitabuni.

"Ng'ombe yangu," nikasema.

Akacheka. "Ng'ombe, hapa Himbi?" Kisha akanitazama, akaacha kucheka, akatazama barabara yote upande wa juu na upande wa chini, kwa uangalifu, kama mtu anayesaidia kutafuta. "Sijamuona, dada," akasema. "Iko rangi gani?"

Koko alisema kweli, haya haikuniua. Nilimwambia rangi yake.