Pumzi ya Kwanza ni ya Emerance

Mdogo wangu Emerance hajawahi kununua sigara, na ukimwuliza leo atakuambia havuti. Yeye huwasha tu. Katika klabu ya Edmond, pale ghorofani mtaani Himbi, kila shisha hupitia kinywani mwake kabla ya kufika mezani. Anaweka makaa, anavuta mpaka moshi utoke mnene, anafuta mdomo wa mpira wa kuvutia kwa kiganja, anamkabidhi mteja. Wateja nao wanapokezana mpira huo huo huku wakicheka, kama watoto na kipande cha muwa. Kikohozi kimemkaa mwaka mzima. Ati ni vumbi la volkano.

Tulikimbia waasi kutoka Bunagana hadi mji huu tukiwa na mama na godoro moja. Mwaka 2021 volkano ikatukimbiza tena hadi Sake. Tuliporudi, Emerance peke yake ndiye aliyepata kazi, na kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Wakubwa wa serikali walipokataza dansi na watu kutembea usiku, Edmond alihamishia dansi mchana. Akafunga madirisha, akashusha mapazia mazito ili polisi wasione kitu, na jiko la makaa akaliingiza ndani, nyuma ya kaunta. Jumamosi moja Emerance alianguka hapo hapo, pamoja na wasichana wawili wa meza ya karibu. Walibebwa hadi nje. Mmoja wa wasichana hao hakuamka tena.

Edmond alikuja kwetu na sukari na soda, amevaa uso wa msiba. Akaeleza kwamba ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, na tangu volkano ilipuke imezidi. Mama akaitikia kwa kichwa. Majirani nao wakaitikia. Mji mzima unajua mazuku hukaa mabondeni na mashimoni, huua mbuzi aliyelala chini na kumwacha aliyesimama juu. Baba mdogo alikufa nayo akichimba mchanga katika bonde la kando ya ziwa. Mama mwenyewe ndiye aliyemlilia.

Nikamwuliza, "Papa Edmond, mazuku inapandaka ngazi?"

Edmond akatazama soda zake. Aliyejibu ni Emerance, kutoka kwenye godoro, sauti imekwaruzika.

"Yaya," akaniita mimi mkubwa wake, "nyamaza. Ni mazuku. Miye sivutake."

Edmond akamshukuru, akasema kazi itaanza tena Alhamisi. Nikataka kujua kama madirisha yatafunguliwa. Akasema polisi wataona. Niliitupa sukari yake nje, na mama akatoka kuiokota, akanitukana mbele ya watu.

Alhamisi Emerance alijipaka poda, akakohoa mpaka akashika ukuta, akavaa viatu vyake vya kazi. Nilisimama mlangoni nimzuie, akapita chini ya mkono wangu. Mama alimsindikiza hadi barabarani. Nikamsikia akimwonya binti yake azunguke mbali, asipite kwenye lile bonde la kando ya ziwa, kwa sababu ya mazuku.