Kadi Nne, Koo Moja

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, ugonjwa uliingia zizini kwa baba yangu ukamaliza ng'ombe wote, kwa sababu wote walilala zizi moja, na hapo ndipo shida zangu zilipoanza na shule yangu ilipoishia (darasa la pili, na sidhani kama mwalimu alinililia). Nayasema haya mapema ili tukifika kwenye aibu yenyewe msinione mjinga wa kuzaliwa. Nimeaibika mbele za watu, tena watu wengi, lakini nilikuwa na sababu zangu.

Tangu wakati ule niliapa kwamba mali yangu haitalala mahali pamoja. Nilibeba magunia ya watu mgongoni, nikaja kununua mashine ya kukamua alizeti, nikapata ng'ombe, na ng'ombe hao nikawagawa kama wazee wetu Wagogo walivyogawa: huyu kwa mjomba, yule kwa rafiki, wengine kwa shemeji, ili ugonjwa ukipiga huku, kule mbegu inabaki. Ndivyo nilivyokuwa mtu hapa Haneti. Basi bima za afya zilipoanza kutufikia, nazo nikazitendea vilevile. Akaja kijana wa kampuni, amevaa tai kwenye jua lile, nikanunua. Ikaja kampuni nyingine na kofia za bure, nikanunua. Chama chetu cha wakamua mafuta kikaleta ya tatu, nikaingia, na ile ya kijiji, ambayo kaya zinachangia mfuko wa pamoja, nikaichukua pia ingawa niliiona ni ya watu wa chini (mnisamehe, ndivyo nilivyoona). Kadi nne. Nilizichomeka mfuko wa juu wa koti, vichwa vikachungulia, kila mtu azione.

Siku ya mkasa kulikuwa na mkutano wa kijiji. Dada mmoja mtaalamu alitoka mjini Dodoma kutueleza habari za bima na kuandikisha kaya kwenye ule mfuko wa pamoja. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisema ziko nchi ambazo serikali yenyewe ndiyo yenye hospitali na ndiyo inayomwajiri daktari, ziko nyingine zenye kampuni nyingi na kila mtu anajichagulia yake, na ziko ambazo wananchi wote wanachangia mfuko mmoja na mfuko huo ndio unaomlipia kila mgonjwa.

"Kwa hiyo hospitali zote ziwe za serikali?" nikamkatiza.

"Hapana, mzee. Hospitali zinabaki za wenyewe, za serikali, za kanisa, za watu binafsi. Mlipaji ndiye anakuwa mmoja. Mzima anachangia, mgonjwa anachangia, na hakuna anayeambiwa wewe ni mzee mno au una sukari hatukutaki."

Nikasimama. Nikamuuliza, "Binti yangu, umewahi kufuga?"

"Sijawahi, mzee."

"Nimejua. Mfugaji hawezi kusema maneno hayo." Nikatoa kadi zangu, nikazipanua mkononi kama mcheza karata, nikawaambia watu kwamba mwenye akili hafungi mali yote zizi moja, na anayetaka kunielewa akaulize kilichompata baba yangu. Wakapiga makofi. Niliondoka na wanaume karibu nusu ya mkutano nyuma yangu, hawajaandikisha, na yule dada akabaki ameshika kalamu.

Kwa furaha nikawapeleka kwenye supu ya mbuzi. Shemeji yangu Hamisi, mwenyeji wa Kondoa aliyemuoa dada yangu, alikuwa amekuja kututembelea, naye akakaa mbele yangu ananitazama tu. Mimi nakula na kuhutubia, nahutubia na kula, na nilipofika kwenye neno zizi kwa mara sijui ya ngapi, mfupa ukakaa kooni. Haukwenda chini, haukurudi juu. Pumzi ilipita, sauti haikupita. Nikakohoa, nikanywa maji yakarudi puani, wakanipiga mgongo mpaka koti likatoa vumbi.

Wakanipandisha kwenye kirikuu changu cha kubebea magunia, kijana wangu Yona akashika usukani, na nyuma wakajaa watu, wengine kwa kunihurumia na wengine (nawajua) kwa sababu walikuwa na safari yao ya mjini. Tulipokaribia zahanati ya kijiji, Mama Matika, jirani yangu, akagonga bati la gari. "Tusimame hapa wamwangalie kwanza, wakishindwa watatupa barua ya rufaa." Yona akapunguza mwendo. Mimi nikampungia mkono apite. Mtu mwenye kadi nne ataanzaje zahanati? Mkono ule, jamani, laiti ungekatika.

Tukaingia hospitali moja kubwa ya mjini. Binti wa mapokezi akasema, "Shikamoo baba," nami nikashindwa kuitikia, nikamtolea macho na mate yananitoka. Nikapanga kadi zote nne mbele yake na kukunja mikono.

Akachukua ya kwanza. Kampuni hiyo haina mkataba na hospitali yao. Ya pili wanaipokea ila lazima wapige simu kuomba idhini, na kule kwenye simu wakauliza kama mgonjwa ana bima nyingine. Akajibu anazo, maana zilikuwa pale mezani. Wakasema basi ile ya chama ndiyo ianze kulipa. Akawapigia wa chama, wao wakasema ile ya kampuni ndiyo ya zamani zaidi, ianze hiyo. Akarudi kwa kampuni. Watu wangu walikuwa wamejaa mlangoni wanafuatilia kama mpira.

"Na hii ya kijiji?" Mama Matika akauliza.

"Hii ingemlipia bila maneno, mama. Ila anatakiwa apitie zahanati kwanza, aje na rufaa."

Wote wakanigeukia. Hamisi akanisogelea, akaniinamia sikioni lakini kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Shemeji, ng'ombe ni mmoja, ndiye wewe. Mazizi manne yanabishana nani amfungulie mlango."

Wakacheka mpaka wagonjwa.

Nikaona bora nilipe mwenyewe. Nikatoa simu, maana fedha yangu imo humo, nikampa Yona na kumwonyesha dirisha la malipo. Yona akadhani nataka awakaripie wa kampuni, akawapigia, akawekewa muziki. Nikampokonya, akadhani nimekasirika, akakimbia nje. Nikaanza kuandika namba ya siri, nikakosea hadi simu ikanifungia.

Nilipoinua uso, Mama Matika alikuwa ametandika khanga yake sakafuni. "Jamani, huyu ni mzee wetu. Kila mtu alichonacho." Mimi, mwenye mashine, nachangiwa kwenye korido. Nilitikisa kichwa kukataa, wakasema maskini anazidiwa, wakaongeza kasi. Akachangia bibi mmoja aliyekuwa amekuja kufunga jeraha, akachangia mvuvi wa Mtera ambaye hata hanijui, wakachangia na wale wanaume niliowazuia asubuhi. Hamisi akakunja khanga, akaipeleka dirishani, akamwambia mhasibu, "Huyu analipiwa na mfuko mmoja."

Daktari aliuchomoa kwa koleo refu, kazi ya muda wa kusalimiana tu. Mfupa wenyewe mdogo, nilitarajia kitu cha maana zaidi. Nikatoka, nikapita mapokezi, na neno langu la kwanza lilikuwa, "Marahaba, mwanangu."

Nimewaza sana tangu hapo. Kampuni zile hazikuniibia, kila moja ilifuata masharti yake, na pengine ningeugua kwa utaratibu zingenilaza kitanda kizuri. Wala sisemi mfuko mmoja hauna hatari, ukishikwa na mwizi tumekwisha wote kama ng'ombe wa baba. Lakini nilichokuwa sijui ni kwamba katika bima kinachogawanywa ni mzigo wa ugonjwa wangu, na unagawanywa kwa watu. Nilirundika kadi, kumbe nilihitaji watu.

Yule dada aliporudi nilisimama tena, sauti bado ina mkwaruzo, nikawaambia wanaume waandikishe kaya zao na nikalipia upya yangu mbele yao. Walicheka. Nikawaacha wacheke.

Leo nina mashine ya alizeti, nyumba ya matofali ya kuchoma, shamba dogo la zabibu, kirikuu kilichochakaa, na ng'ombe kwa jamaa mbalimbali (idadi mfugaji hasemi). Na ninayo nafasi katika mfuko wa kijiji, sawasawa na ya Mama Matika, haizidi hata kidogo.