Mstari wa Tope Nyuma ya Kabati

Mto unaopita karibu na nyumba ya shangazi yangu, huko Gatete, hauna kipimo cha kina cha maji hata kimoja. Kilichokuwapo kilisombwa na maji, na hakuna aliyekirudisha. Kazi yangu ni kuuunda mto huo ndani ya kompyuta: naazima takwimu za mvua za setilaiti, naongeza miteremko ya milima, halafu modeli inaniambia maji yanafika wapi. Iliniambia mafuriko yaliyopita yaliishia magotini sebuleni kwake. Niliamua kwenda kuhakikisha kwa kupima mstari wa tope ukutani.

Nikakuta nyumba nyeupe pee! Kwetu maji yakiondoka tu watu hukimbilia chokaa, maana ukuta wenye tope unamwaibisha mwenye nyumba. Za majirani nazo zilikuwa zimepakwa. Nilikasirika waziwazi, shangazi akacheka, akanitakia amani kwa Kirundi.

“Amahoro, mutoto wangu. Ulitaka nikae na matope kusudi ordinateri yako ifurahi?”

Nikamweleza kwamba si kwa ajili ya kompyuta. Mwanawe alikuwa analeta matofali kumwongezea chumba palepale, nami nilitaka ahamie kiwanja chake cha juu, penye michikichi. Kicheko kikakatika.

“Nimezeekea ukimbizini Tanzania. Sasa iko kwangu hapa. Sihami tena, hata maji ikuje.”

Yaliniuma, lakini sikubanduka. Siku ya mafuriko alikimbilia mlimani maji yakiwa bado vifundoni, kwa hiyo hata yeye hakuona yalikoishia. Nikapita chumba kwa chumba. Chumbani kwake kulikuwa na kabati zito, na wapaka chokaa, wavivu wale, Mungu awabariki, walikuwa wamelizunguka tu. Nikalisukuma kwa bega mpaka likasogea.

Mstari ulikuwapo, na haukuwa magotini. Shangazi akaja akaegemeza mgongo ukutani kama mtu anayepimwa urefu. Ulimfika kidevuni. Modeli yangu ilikuwa imekosea vibaya, na niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyoona haya kwa ajili yangu.

Akatazama kitanda chake, kisha akanitazama.

“Simu yako iko na unite? Piga kwa mwanangu. Mwambie matofali apeleke kule juu.”

Salio lilikuwapo, nikapiga. Muda wote nikiongea alibaki pale ukutani, kidevu amekiinua.