Gari Lisilozimwa

Sauti ya kwanza niliyoisikia kila asubuhi, baada ya adhana ya alfajiri, ilikuwa ya aabo, yaani baba, akijaribu kuwasha pikapu yake. Tak. Kimya. Tak. Halafu sauti yake mwenyewe akimwomba Mungu, akilaani, akiomba tena. Harufu ya petroli iliingia mpaka tulikolala, ikachanganyika na ya chai ya iliki ambayo mama alikuwa ameibandika, na nilijua kwamba muda si muda tutaitwa kusukuma. Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, na Iftin ni tambarare kama sinia. Hakuna mteremko wa kumsaidia mtu mwenye gari bovu. Basi mtaa mzima ulitusaidia. Wanaume waliotoka msikitini walipanga mabega nyuma ya pikapu huku wakimtania aabo kwamba afadhali angenunua punda. Sisi watoto tulisukuma zaidi kwa kelele kuliko kwa mikono. Gari likishika, aabo alitoa mkono dirishani kuaga bila kupunguza mwendo, maana hakuthubutu kusimama.

Stata, kile kifaa cha kuamshia injini, ilikuwa imekufa. Fundi Mutisya, Mkamba mwenye gereji ya mabati karibu na soko la mifugo, aliifungua tena na tena, akasugua brashi zake, akapuliza vumbi, akairudisha. "Mzee, hii imeenda. Mimi naibembeleza tu," alimwambia. Aabo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akamjibu, "Bembeleza tu, fundi. Mbuzi yangu nakufa huko, wallahi." Stata nyingine iliagizwa Nairobi, ikaja na basi, tukaipokea kwa shangwe, na haikuingia. Ilikuwa ya gari la aina nyingine. Nilimwona aabo ameketi chini kando ya gurudumu, ameipakata stata ile mapajani. Sijui kama alilia. Mimi nililia.

Huko alikokusema kulikuwa upande wa Balambala, mbali na mto, ambako ayeeyo, mama yake mzazi, alikaa na mifugo yote ya familia. Mvua ilikuwa imetupita, na ile iliyofuata ikatupita pia. Kando ya mto kulikuwa na maji lakini hakuna jani. Huko ndani majani makavu yalikuwepo, lakini mabwawa yalikuwa yamekauka na kupasuka. Kwa hiyo aabo alijaza mapipa mtoni na kuyapeleka. Bila pikapu ile mbuzi na ng'ombe wetu wangekufa kwa kiu, ni hivyo tu. Shule zilipofungwa alinichukua nikamsaidie ayeeyo. Kule porini aabo alikuwa na sheria moja: gari halizimwi. Hakukuwa na msikiti wa kumtolea wanaume wa kusukuma. Alimimina maji injini ikinguruma, akala injini ikinguruma, akaswali pembeni huku moshi ukimfuata. Ayeeyo alinung'unika, mnyama gani huyu asiyelala.

Siku moja likazimika lenyewe. Jua lilikuwa kali mno, maji ya rejeta yakachemka, na kabla mapipa hayajaisha kumiminwa injini ikakohoa, ikatetemeka, ikanyamaza. Tulisikia hata ndimi za mbuzi zikilamba hori. Aabo alingoja lipoe, akazungusha ufunguo: tak. Tulisukuma, mimi na ayeeyo na shangazi Halima, dada yake aabo, na magurudumu yakazidi kuzama mchangani. Tukafukua, tukatandika matawi, tukasukuma tena. Maji yaliyobaki yasingeifikisha mifugo hata kesho jioni. Ndipo shangazi akalisema lile ambalo sote tulikuwa tunalifikiria na hakuna aliyetaka kulitamka: tumfunge ngamia.

Ngamia wa mizigo alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyebeba nyumba ya ayeeyo, vijiti, mikeka na vyombo, kila walipofuata malisho. Bila yeye hawahami. Alikuwa amekonda, mbavu nje, nundu imelala upande. Ayeeyo alimshika shavu, akamsemesha kwa muda mrefu, kisha akamfunga kamba kwa mikono yake. Akavuta. Wallahi alivuta. Sisi tulisukuma nyuma tukipiga mayowe, gari likachomoka mchangani, aabo akaachia klachi, likakohoa, likakohoa tena, likashika. Tulishangilia kama wendawazimu. Shangazi akaikata kamba kwa kisu ili gari lipite, na ngamia akapiga magoti ya mbele, kisha ya nyuma, taratibu, kama anayengoja kupakiwa. Hakuinuka.

Aabo hakuweza kusimama. Alituzunguka na gari, akazunguka tena, kichwa nje ya dirisha, akiuliza, "Ameinuka? Ameinuka?" Alikuwa akilia waziwazi, mikono kwenye usukani, nami sikuwa nimewahi kumwona hivyo na niliogopa. Ayeeyo alimwita "hooyo", neno letu la mama, ambalo akina mama wa kwetu huwaitia pia watoto wao, kama akina baba nao wanavyowaita watoto wao "aabo". "Nenda, hooyo. Leta maji. Usisimame." Akaenda. Kabla vumbi halijatulia ayeeyo aliomba kisu, kwa sababu mnyama akifa mwenyewe haliwi. Tuliila nyama ile kwa kuwa tulikuwa na njaa, na mpaka leo sijala kitu kichungu kuliko kile.

Maji yalikuja siku iliyofuata. Lakini haukupita muda zikaja habari kwamba mvua imenyesha upande wa Habaswein. Majirani wakapakia ngamia wao wakaondoka, ayeeyo akabaki akiwatazama. Aabo aliapa kwamba atawahamisha kwa pikapu. Injini, iliyoungua siku ile ya jua, ikagonga na kufa kabisa akiwa njiani kutoka mtoni. Alipofanikiwa kuazima lori, mbuzi walikuwa wametapakaa wafu kuzunguka hori, na ng'ombe waliobaki hawakuwa na nguvu ya kupandishwa. Lori lilimleta ayeeyo Iftin na mikeka yake. Aliishi kwetu mpaka alipofariki, na kila asubuhi aliamka mapema bila kuwa na kazi ya kuamkia.

Sasa nafanya kazi ofisini hapa Garissa, na gari langu huwaka kwa kubonyeza kidole. Barabara ina lami, vipuri havisumbui, na watoto wangu hawajui kusukuma gari wala kukamua mbuzi. Watu husema tumeendelea, nami huitikia kwa sababu sina nguvu ya kubishana. Ukame ndio haujabadilika, labda umeongeza haraka ya kurudi. Mwaka huu mvua ilipokosekana, nilimkuta aabo, mzee sasa, amesimama uani akitazama mbingu. Nilimhurumia, nikaliwasha gari, nikamfungulia mlango, nikamwambia gari lipo, popote anapotaka nitampeleka, hata Balambala. Alilisikiliza likiunguruma, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama fundi.

"Linawaka vizuri," akasema. "Lakini, aabo, tumpelekee nani maji?"