Eropleni Tano za Harishi Kurji

Ungeingia dukani kwa Harishi Kurji pale Singida mjini, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, ungemkuta mtu mfupi mwenye miwani, akipima sukari kwa mkono usiotetemeka hata chembe. Ungemwambia nani kwamba mkono ule ulikuwa umerusha eropleni za vita? Jamaa zake walikuwa wamechoka na habari hizo. Wateja kutoka mashamba walizichukua kama porojo za muuza duka. Muuza khanga arushe eropleni? Hebu tuondolee! Aliyemwamini alikuwa mtu mmoja tu, na ni huyohuyo ambaye Harishi alikuja kumwangamiza.

Alizaliwa mwaka 1920 katika chumba cha nyuma ya duka hilohilo. Baba yake, mzee Kurji, alimpeleka Bara Hindi akasomee udaktari, na vita vikamkuta huko. Kijana akaacha vitabu akajiandikisha jeshi la anga. Mzee Kurji alikasirika mno. Mwaka mzima hakumwandikia mwanawe hata barua moja.

Eropleni yake ya kwanza iliitwa Tiger Moth. Ilikuwa na mabawa mawili ya kitambaa, na rubani hukaa kichwa nje, upepo ukimchapa mpaka machozi yamtoke. Harishi alikuwa akisema kwamba ile ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu haikubeba kitu chochote ila yeye na mwalimu wake. Ya pili ilikuwa Harvard, ya kujifunzia pia, yenye mngurumo wa kuamsha wafu. Ya nne ilikuwa Spitfire, ambayo kila mtu alitaka kuisikia, na kumbe aliirusha miezi michache tu vita vikielekea ukingoni, hakuna alichofanya nayo cha kusimulia.

Ya tatu ndiyo iliyomharibia maisha. Iliitwa Vengeance, maana yake kisasi, na aliirusha Burma. Ilitengenezwa kwa kazi moja: kupanda juu sana, kugeuka kichwa chini, na kuteremka wima kama mwewe anayefuata kifaranga, mpaka karibu na miti, ndipo iachie bomu. Harishi aliteremka namna hiyo mara hamsini na tatu. Kila alipoinua pua ya eropleni moshi ulibaki nyuma yake, na nyuma hakutazama. Jioni aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba shabaha imepigwa, akaenda kula.

Baba yake alipougua, mwaka 1946, alirudi Singida kushika duka. Mwaka uliofuata aliingia mteja amevaa koti kuukuu la jeshi, akataka jembe. Alikuwa Mughwai, mkulima na mfugaji wa Mgori. Harishi alilitazama lile koti akamuuliza alikuwa wapi. Mughwai akasema Burma, kwa miguu, pamoja na askari wengine wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na kwamba matope ya kule bado anayaota. Jembe halikununuliwa mpaka jua lilipokuwa linazama.

Tangu hapo wakawa ndugu. Mughwai hakuja mjini bila kupitia dukani, na Harishi hakukosa mavuno ya Mgori, akila ugali wa mtama na mlenda aliopika Anastazia, mke wa Mughwai, huku mkewe mwenyewe Damyanti akinung'unika mjini. Binti mdogo wa Mughwai, Esta, alizoea kumwita Harishi baba mkubwa. Wanaume wale walitaniana bila huruma.

"Nyinyi mlikuwa mnatupa takataka huko juu," Mughwai alipenda kusema, "na sisi ndio tuliokuwa tukifagia."

Siku moja utani ulikwenda mbali. Mughwai alisimulia jinsi walivyoingia kijiji kimoja msituni eropleni zilipokwisha kupita. Walikuta chungu cha wali bado kiko mafigani. Alimtoa mama mmoja chini ya nguzo za nyumba yake, amekufa, na mwiko bado umo mkononi. Harishi akauliza ilikuwa mwezi gani. Mughwai akamwambia mwezi, akamtajia na mto. Harishi akaenda chumba cha nyuma, akafungua kile kitabu cha safari, akakuta mwezi huo na mto huo kwa mwandiko wake mwenyewe, akakifunga. Aliporudi kaunta alianza kupima sukari ambayo hakuna aliyeiagiza, na Mughwai, mtu wa heshima, hakuuliza.

Usingizi ulimhama Harishi kuanzia hapo. Alilala saa mbili tatu, akaamka, akakaa kitandani akisikiliza mbwa wa mji. Alibaki na tamaa moja tu, na alimweleza Damyanti waziwazi: kabla hajafa, arushe eropleni moja, moja tu, ambayo haijaua mtu.

"Baba Ramila," Damyanti alimjibu, kwa maana mumewe hakumtaja kwa jina lake ila kwa la binti yao, "uza sukari."

Mwaka 1965 kwelea kwelea walishuka Singida kwa wingi usiosemeka. Mtama ulikuwa ndiyo kwanza unajaa maziwa. Watu walishinda juu ya madungu wakipiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo, na bado shamba la familia nzima liliisha kwa siku mbili. Serikali ikaleta eropleni ndogo, Cessna yenye viti viwili na tangi la dawa, iwanyunyizie ndege hao jioni wanaporudi vichakani kulala.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa mbali wasingelifikiria. Huku kwelea ni kitoweo. Tangu mababu watu huwanasa kwa nyavu, huwanyonyoa, huwakaanga kwa chumvi kidogo. Kwelea elfu wakidondoka chini ya miiba, tena mwaka wa njaa, nani ataacha nyama iliyojileta yenyewe? Kwa hiyo kila mahali palipopigwa dawa ilibidi watu waambiwe mapema, nyumba kwa nyumba, na mtu wanayemwamini. Bwana shamba, kijana aliyeitwa Isaka, hakuwa na gari. Alimwomba Harishi, mwenye pikapu na Kinyaturu cha kutosha, na Harishi akakubali kwa moyo wote. Siku mbili alizunguka Mwankoko, palipopigwa dawa kwanza, akihubiri kama katekista: usiguse, usile, mwambie na jirani. Mwankoko hakuumwa mtu.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Isaka aliingia dukani akihema.

"Shikamoo mzee. Wamehamia Mgori, ukingoni mwa msitu. Wanapigwa leo jioni hii hii. Pitia uwanjani umwambie rubani, halafu nenda moja kwa moja ukawaambie watu."

"Marahaba. Naenda sasa hivi," alisema Harishi, na alikuwa anasema kweli.

Uwanjani alimkuta rubani, Mzungu kijana, anajaza tangi. Harishi alimpa taarifa, lakini miguu haikuondoka. Aliligusa bawa la eropleni. Akauliza maswali, na kwa maswali yale rubani akamtambua mara moja kuwa ni mwenzake. Yule kijana hakuwa na ubaya wowote. Alisema kwamba ukingo wa msitu haujui vizuri, na kwamba kiti cha pili ni kitupu.

Harishi aliitazama pikapu yake. Mgori ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa barabara ile mbovu. Akapiga hesabu ya mtu anayetaka kujidanganya: kwelea watakufa usiku, wanawake hawaendi kuokota mpaka kupambazuke, basi nikiondoka mjini alfajiri nitawawahi. Tena rubani anahitaji wa kumwonyesha njia. Tena ni kazi ya taifa. Akapanda.

Hewani rubani alimwachia usukani. Mikono ikakumbuka. Mgori ikaja mbele yao, nyumba za tembe zimelala chini kando ya mashamba, na Harishi akaitambua nyumba ya Mughwai kwa zizi lake kubwa. Waliokuwa madunguni walisimama wakapunga mikono kwa furaha, naye akawapungia. Jua lilipogusa msitu, wingu la kwelea likamwagika vichakani. Rubani akashika usukani ashuke chini, akamwonyesha Harishi mpini wa kufungulia dawa, na Harishi akauvuta. Mara nne walipita, na mara nne aliuvuta, huku analia machozi ya shukrani. Hii ilikuwa eropleni ya tano. Aliona ameponya watu na njaa.

Usiku ule alilala. Miaka mingi hakupata kulala vile, usingizi mzito, mtamu, usio na ndoto. Damyanti alimwona, akamhurumia, akafunga dirisha taratibu na hakumwamsha. Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshapanda ukutani.

Aliendesha kama mwendawazimu. Alifika Mgori saa tatu na nusu. Uani kwa Mughwai palijaa manyoya, yamezagaa mpaka zizini, na sufuria ilikuwa tupu. Anastazia alikuwa amelala ubavu mlangoni, jasho na mate vinamtoka, mboni za macho zimesinyaa kuwa kama kichwa cha pini. Esta alikuwa anatetemeka mwili mzima. Alikuwa na miaka kumi na sita. Harishi aliwapakia pikapu pamoja na majirani wanne. Wale wanne walipona. Esta alikata roho njiani, na mama yake alimfuata jioni hospitalini.

Isaka alimuuliza jana alifika Mgori saa ngapi. Harishi akasema gari liliharibika njiani. Neno lenyewe lilimtoka kabla hajalichagua, na likisha kutoka halirudi.

Mughwai alinusurika kwa kuwa alikuwa ametoka na ng'ombe kabla nyama haijaiva. Wakati wa maziko alimvuta Harishi kando.

"Unajua, Anastazia aliniuliza," alisema. "Alikuja na kapu limejaa, akaniuliza, hawa si wale wa dawa? Mimi nikamwambia kaanga tu. Ingekuwa dawa, Harishi angekuja kutuambia."

Harishi alitaka ardhi immeze yeye badala ya masanduku yale mawili.

"Gari liliharibika," alisema tena.

"Nimesikia. Gari ni chuma, ndugu yangu. Chuma hakilaumiwi." Na Mughwai akamshika mkono, akawa ndiye anayemfariji.

Majuto ni mjukuu, husemwa. Kwa Harishi yalikuwa mke, watoto na wajukuu pamoja. Miaka tisa aliishi na lile gari ambalo halikuharibika. Kile kitabu cha safari alikichoma jikoni, haikusaidia. Damyanti alimsihi wahamie Uingereza kwa Ramila, hasa baada ya majumba kutaifishwa na wengi wa jamaa zao kuondoka, akakataa bila kutoa sababu. Na Mughwai aliendelea kuja dukani, mwembamba zaidi kila mwaka, na kila alipomwita ndugu, Harishi aligeukia rafu akapanga upya makopo yaliyokwisha kupangwa.

Mwaka 1974 watu walihamishwa kuingia vijiji vya Ujamaa. Mughwai alikuja asubuhi moja, akanunua pakiti ya chumvi, akakaa juu ya gunia. Alisema wiki ijayo lori linakuja, nyumba anaiacha, na makaburi yanabaki porini.

"Nimezeeka, Harishi. Wa damu yangu wamekwisha. Siku nikifa, nimewaambia wenye kijiji wakuite wewe unizike pale, katikati yao."

Hapo Harishi hakuweza tena.

"Mughwai. Siku ile gari halikuharibika."

Mughwai akainua macho.

"Nilikuwa ndani ya eropleni. Nilitumwa kuwaambia, rubani akanikaribisha, nikapanda. Nilijua ni kwenu, niliiona nyumba yako. Mpini wa dawa niliuvuta mimi, kwa mkono huu. Nikasema nitakuja alfajiri, nikapitiwa na usingizi."

Nje mtu alikuwa akigonga bati. Mughwai alipozungumza, sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Na huko juu ilikuwaje?"

Harishi angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya miaka tisa, mara moja zaidi isingempunguzia kitu. Lakini alikuwa amechoka.

"Ilikuwa raha," alisema. "Tangu nizaliwe sijapata raha kama ile."

Mughwai aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizia njia akaelekezwa. Akasimama, akairudisha chumvi juu ya kaunta, akatoka. Tangu siku hiyo alinunua chumvi katika duka la kijiji, na duka hilo lilipokosa chumvi, alikula bila chumvi.